Mia na Kumi

Tone moja ya wino, rangi ya zambarau iliyoiva kupita kiasi,
nalidondosha katikati ya kioo.
Kisahani kinazunguka, mizunguko elfu moja kwa dakika,
na wino wote, karibu wote, unarushwa ukutani.
Kinachobaki ndicho tunachokitaka:
utando. Kivuli cha rangi.

Chukua unywele mmoja wa kichwa changu,
uupasue kwa urefu vipande mia saba.
Kipande kimoja ndio unene ninaoutafuta
hapa Mlimani, tangu masika.

Ukiwa mwembamba mno, jua linapita zake
kama mgeni asiyeambiwa karibu.
Ukiwa mnene mno, jua linaingia, linaamsha chaji,
na chaji zinamalizana humo humo ndani,
hazifiki kwenye waya,
kama mshahara usiofika nyumbani.

Daftari langu linasema:
elfu moja, nanomita mia na sitini.
Elfu nne, themanini.
Ukitaka nusu ya unene, kasi izidishe mara nne;
sheria ya kisahani haina undugu.
Elfu mbili na mia moja: mia na kumi.
Mshale wa mita ukainuka,
nikapiga kigelegele peke yangu, na barakoa usoni.

Dokta Kokushubila hakuinua macho.
"Kioo chako ni kidogo kuliko kiberiti.
Nani anaezeka nyumba kwa viberiti?"

Jumamosi nikateremka Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu,
kwa Chande Mwinyikondo, mpiga chapa wa fulana.
Siku ile alikuwa na marehemu mmoja,
anatabasamu mara arobaini kwenye kamba,
bado mbichi.
Nikampa wembe wetu wa chuma, mrefu kama rula.
Akaupitishia kidole gumba.
"Huu unapaka au unanyoa?"
Kisha, kwenye kipande cha plastiki, akanionyesha:
"Usiukimbize. Ukikimbia, wino unakufuata mzigo mzima.
Nenda pole, utabaki nyuma wenyewe."

Nikacheka mpaka akaniuliza kulikoni.
Kule kwetu haraka hukondesha,
huku haraka hunenepesha.
Waliosema haraka haina baraka
hawakutaja haraka ya chombo gani.

Tukafunga mota kwenye wembe.
Wiki tatu za michirizi, za mapovu,
za unyevu wa Desemba unaoingia hata penye kufuli.
Alhamisi moja, wembe ukiwa katikati ya safari,
umeme ukakatika jengo zima.
Mota haikusimama ghafla.
Ilikata roho taratibu,
ikiburuta wembe pole, pole zaidi, basi.

Sisi watafuta umeme tukakaa gizani tukiguna.

Uliporudi, nikaona kwenye plastiki
bwawa la mafuta ya gereji: buluu, kijani, kahawia,
rangi zikifuatana kwa zamu.
Nilikuwa nimeshaikunja niitupe.
Nikaikunjua.
Mnene mwanzoni, mwembamba mwishoni:
unene wote nilioutafuta kwa miezi tisa
umelala kwenye ukanda mmoja, kwa foleni.

Nikaukata vipande kumi na viwili, nikapima hadi alfajiri.
Kipande cha tano kikawapita wenzake.
Nikarudia, maana sikukiamini.
Mia thelathini na tano.
Ile mia na kumi yangu, niliyoiandika kwa wino mwekundu
na kuizungushia duara mara mbili,
ilikuwa kweli ya kisahani peke yake.
Kwa wembe wino hukauka bila pupa,
molekuli zinapata nafasi ya kujipanga,
na chaji zinatembea mbali zaidi kabla ya kufa.

Nilimpelekea Chande kipande cha tano ndani ya bahasha.
Akakiinua kwenye jua la saa saba, akachungulia.
"Kinawasha taa?"
"Bado. Kinasogeza mshale."
"Kiasi gani?"
Nikamwonyesha kwa kidole na kucha.
Akakitazama tena, akageuza upande wa pili.
"Pembeni hapa," akasema, "mkono wako ulitetemeka."
Ni mota, nikataka kumwambia.
Sikumwambia.